Shoka na Shahidi

Lugha yetu ina neno moja kwa watu wawili. Mtu anayesimama mbele ya hakimu akaeleza alichokiona huitwa shahidi. Na mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake huitwa shahidi pia. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina maana hizo mbili. Wayunani wa kale, ambao Wakristo wa kwanza waliandika kwa lugha yao, walifanya vivyo hivyo kwa neno lao. Yaonekana mataifa mbalimbali yametambua kwamba kifo cha namna fulani ni kauli. Ikiwa kifo ni kauli, basi ni halali kukiuliza yale ambayo hakimu humwuliza kila shahidi: Umeona nini? Maneno yako yanathibitisha jambo gani, na ni jambo gani yasilolithibitisha? Aghalabu hatuulizi. Shahidi wa mahakamani tunamhoji kwa ukali. Shahidi wa imani tunamvulia kofia, tukanyamaza. Mimi nataka kuuliza, na nitauliza kwa heshima, maana katika jambo hili nina deni langu mwenyewe.

Nilizaliwa Ndandalo, katika wilaya ya Kyela, kwenye nchi tambarare iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mvua haitunyimi, mpunga na kakao hustawi, na upande wa mashariki milima ya Livingstone husimama kama ukuta. Kwa Wanyakyusa, watawala wa zamani walizikwa katika vichaka vya miti mikubwa isiyokatwa ovyo, na watu wa kawaida nao hupenda kaburi lililo karibu na nyumba na karibu na kivuli. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na mkuyu wa namna hiyo. Chini yake walilala baba yake na babu yake, na ilisemekana kwamba nyakati za shida ukoo ule ulikutana pale kutambika.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa nilikuwa mmoja wa vijana wa kikundi cha sala. Usiku mmoja kiongozi wetu alitusimulia habari za mtawa wa zamani aliyeitwa Bonifasi, jinsi alivyoukata mti wa miungu mbele ya wapagani na asipatwe na dhara lolote. Hatukuhitaji kuambiwa zaidi. Asubuhi yake tulikwenda vijana kumi na wawili, tukiwa na mashoka matatu, tukaukata ule mkuyu. Kazi ilitushika mpaka adhuhuri. Radi haikupiga, nyoka hakutoka, wala hakuna aliyeugua. Tukaimba. Mzee alikuwa amekaa barazani kwake muda wote. Tulipokwisha, alikuja polepole akatutazama, akauliza, “Mmemaliza?” Tukajibu, “Tumemaliza, tata.” Akasema, “Haya. Kuni ni zenu. Kivuli kilikuwa cha wote.” Kisha akarudi nyumbani kwake.

Kwa miaka mingi niliihesabu siku ile kuwa siku ya ushindi. Baadaye, nilipopata elimu kidogo, nilitamani kumjua vizuri yule mtawa ambaye tulikuwa tumemwiga, nikasoma habari zake. Niliyoyakuta hayakuwa yale niliyoyatazamia.

Alizaliwa karibu na mwaka 675 katika ufalme wa Wessex, kusini-magharibi ya Uingereza, na jina lake la kwanza lilikuwa Wynfrith. Aliingia utawani akiwa mtoto, akawa mwalimu hodari katika monasteri ya Nursling. Angaliweza kuishi humo kwa amani na vitabu vyake hadi uzee, lakini mwaka 716 alivuka bahari kwenda kuhubiri kwa Wafrisia, katika nchi ambayo leo ni Uholanzi. Vita vilikuwa vimeiharibu nchi ile, naye akarudi mikono mitupu. Mwaka 719 alikuwa Roma, na Papa Gregori wa Pili akampa utume kwa watu wa Ujerumani pamoja na jina jipya la Bonifasi. Mwaka 722 akawekwa kuwa askofu. Mwaka uliofuata alipata kitu kingine: barua ya ulinzi kutoka kwa Charles Martel, mwenye nguvu kuliko wote katika nchi ya Wafranki.

Ilikuwa karibu na wakati huo kwamba Bonifasi aliukata mwaloni wa Geismar, katika nchi ya Hesse. Padri Willibald, aliyeandika maisha yake miaka michache baada ya kifo chake, asema ulikuwa mti wa ajabu kwa ukubwa, ulioitwa mti wa Jupita; naye kwa jina hilo la Kirumi alimkusudia Donar, mungu wa radi wa Wajerumani. Umati wa watu ulisimama ukimlaani moyoni. Mti ukaanguka, ukapasuka vipande vinne, na waliokuwa wakimlaani wakaamini. Kwa mbao zake Bonifasi alijenga nyumba ndogo ya sala kwa jina la Mtakatifu Petro.

Hoja iliyomo katika tendo lile yaweza kuwekwa kwa maneno machache: kama mungu wako ni wa kweli, na anilipize, hakulipiza, basi si wa kweli. Hoja hii niiite hoja ya shoka. Inaeleweka upesi, hata na mtu asiyejua kusoma, na kwa sababu hiyo ina nguvu kubwa. Lakini wepesi wa kueleweka si sawa na ukweli, na hoja ya shoka ina kasoro mbili ambazo kelele za mti unaoanguka huzifunika.

Kasoro ya kwanza ni kwamba anayeitoa mara nyingi amesimama nyuma ya ngao ambayo haitaji. Umati wa Geismar ulikuwa mkubwa kuliko wenzi wa Bonifasi, na haukumgusa. Je, ni kwa kuwa Donar alinyamaza, au ni kwa kuwa Charles Martel hakunyamaza? Si mbali na mti ule palikuwa na ngome ya Wafranki, huko Büraburg. Bonifasi mwenyewe hakujidanganya juu ya jambo hili. Katika uzee wake alimwandikia rafiki yake Daniel, askofu wa Winchester, akikiri kwamba pasipo ulinzi wa mkuu wa Wafranki asingeweza kuwaongoza watu wa Kanisa, kuwalinda mapadri na watawa, wala kuzuia ibada za kipagani. Yule Daniel ndiye aliyekuwa amemshauri, karibu na wakati wa kukatwa mwaloni, atumie njia nyingine kabisa: awaulize wapagani maswali kwa upole juu ya miungu yao, walizaliwaje, na ulimwengu ulikuwa chini ya nani kabla hawajazaliwa, wala asiwatukane wala kuwachokoza, bali awaache waone haya wenyewe kwa nguvu ya hoja. Barua ile ingalipo hata leo. Kwa hiyo palikuwa na njia ya swali na palikuwa na njia ya shoka, na zote mbili zilijulikana.

Wahenga wetu walisema, mwenye nguvu mpishe. Hawakusema, mwenye nguvu mwamini. Anayepisha njia huyatunza maisha yake. Hajatoa kauli yoyote juu ya haki ya anayepita. Hili nililijua siku niliporudi kwa mzee wa mkuyu kumwomba radhi. Alikuwa amedhoofika, akanikaribisha kiti palepale barazani. Nilimwuliza kwa nini siku ile hakutukataza, wala hakuita ndugu zake. Akaniambia, “Mwanangu, ningesema neno moja mngeniita mchawi. Mti ukianguka, hupotea kivuli. Mzee akiitwa mchawi, huanguka nyumba nzima.” Nikatambua ngao yetu ilikuwa nini. Hatukuwa na barua ya mfalme, lakini tulikuwa na neno moja ambalo katika nchi yetu limewaua wazee wengi, nasi tulilibeba bila kulitamka. Kimya chake tulikihesabu kuwa kushindwa kwa miungu yake, kumbe kilikuwa hofu ya mtu mbele ya watoto wa majirani zake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Hoja ya shoka hukata pande zote mbili. Bonifasi aliishi miaka thelathini baada ya Geismar. Akawa askofu mkuu, akalitengeneza Kanisa la Wafranki, na kwa amri yake monasteri ya Fulda ilianzishwa mwaka 744. Kisha, akiwa mzee, aliacha heshima zote hizo akarudi kwa Wafrisia, kazi ya ujana iliyomshinda. Tarehe 5 Juni 754, karibu na Dokkum, alikuwa akiwangoja Wakristo wapya waje kupewa kipaimara. Waliokuja walikuwa watu wenye silaha. Vijana wake walizishika zao ili wapigane, naye akawakataza. Akawaambia wasilipe ovu kwa ovu. Akauawa yeye na wenzake, ambao mapokeo yanawahesabu kuwa 52. Wauaji walivunja makasha wakidhani yana dhahabu, wakakuta vitabu, wakavitupa matopeni na katika matete. Huko Fulda pametunzwa kitabu kimoja chenye majeraha ya upanga, na inasimuliwa kwamba Bonifasi alikiinua kichwani pigo liliposhuka.

Sasa tuitumie ile hoja kwa haki. Mwaloni ulikatwa, na mungu wake hakuulinda. Tukasema mungu yule ni uongo. Mtawa alikatwa, na kitabu chake kikakatwa mkononi mwake; je, tutasema nini? Mfrisia mwenye upanga angaliweza kuimba kama tulivyoimba sisi juu ya mkuyu ulioanguka. Mkristo atajibu kwamba Mungu wake hapimwi kwa namna hiyo, na kwamba aliyetundikwa msalabani naye aliambiwa ashuke ili waamini, asishuke. Jibu hilo ni zuri, lakini akilitoa amelivunja shoka la Geismar kwa mikono yake mwenyewe. Hawezi kukataa kipimo cha nguvu anapopigwa, na kukikubali anapopiga. Kwa hiyo nasema kwamba kifo cha Bonifasi ni hoja dhidi ya shoka la Bonifasi. Geismar alisema, “Mwenye nguvu ndiye mwenye kweli.” Dokkum aliweka silaha chini akasema, “Kweli haina haja ya silaha.” Mtu ni yuleyule, lakini kauli ni mbili, na shahidi akitoa kauli mbili zinazopingana, hakimu mwenye busara huiangalia ile iliyomgharimu.

Yaliyofuata yaonyesha jinsi kauli ya pili ilivyo ngumu kusikika. Willibald huyohuyo asimulia, bila kuona haya, kwamba baada ya siku tatu Wakristo walikusanya jeshi, wakaingia katika nchi ya wauaji, wakawaua wengi, wakarudi na wake zao, watoto wao na watumwa wao. Marehemu alikuwa amekataza kulipa ovu kwa ovu. Waliomzika walimwita shahidi, na wakati uleule wakaufuta ushahidi wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Ujerumani ili ayaone mambo haya. Bonifasi alikuwa mtawa wa Kanuni ya Benedikto, na Wabenedikto wamisionari wa Mtakatifu Ottilien huko Bavaria, shirika lililoanzishwa mwaka 1884, waliitwaa tena kazi ya watawa wa namna yake, wakaileta kwetu. Mwaka 1898 padri wao Cassian Spiss alianzisha Peramiho, katika nchi ya Wangoni, ng'ambo ya milima ile tunayoiona kutoka Ndandalo. Nyuma yao palikuwa na ngao ya serikali ya Kijerumani. Miaka michache kabla ya Vita vya Majimaji, padri mmoja wa Peramiho alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mahali pa kuwaombea wazee waliofariki. Mahoka hawakulipiza, Geismar ilikuwa imerudi. Kisha vita vikaja. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa.

Sina shaka kwamba watu wale watano walikufa katika imani yao, na mtu mwenye moyo hawezi kulisoma jambo lile bila huzuni. Lakini waliomwaga damu yao waliona nini mbele yao? Waliona mtu wa Mungu, au waliona ngao iliyokuwa nyuma yake, yenye kodi, viboko na kazi za shuruti? Shahidi ambaye sauti yake haitengeki na sauti ya bunduki ana msiba mara mbili: anakufa, na kifo chake hakisikiki. Na kisasi cha mara hii hakikuwa cha siku tatu. Nkosi Mputa alinyongwa Songea pamoja na wenzake tarehe 27 Februari 1906. Mashamba na maghala yakateketezwa, na kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria vita na njaa iliyofuata viliua watu 250,000 hadi 300,000. Tena hoja ya shoka ilitumika upya: maji hayakuzuia risasi, kwa hiyo imani ya wenye maji ilikuwa bure. Hapana shaka maji hayakuzuia risasi. Lakini risasi ilithibitisha nini, zaidi ya kwamba ni risasi? Je, ilithibitisha kwamba kulimishwa pamba kwa viboko ni haki?

Nitaulizwa, na ni haki niulizwe, kama kila kitu kilichoitwa kitakatifu kisiguswe. La. Mila zetu hazikuwa bustani isiyo na mwiba. Monica Wilson, katika kitabu chake juu ya ibada za Wanyakyusa kilichotoka mwaka 1959, aeleza jinsi Lwembe wa Lubaga, mtawala mtakatifu, alivyozibwa pumzi na makuhani wake alipougua, asiachwe afe kwa ugonjwa. Desturi ya namna hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini anayeushika mkono wa muuaji huokoa mtu, na aliyeokolewa ndiye hoja yake. Hana haja ya kungoja kama radi itapiga. Sisi chini ya mkuyu hatukumwokoa mtu yeyote. Tulitaka kuonekana tumeshinda.

Tena nitaulizwa kama kifo cha shahidi basi hakina thamani. Kinayo, tena kubwa, ila si ile tunayodhani. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo katika Buganda, Karoli Lwanga na vijana wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hawakuwa na jeshi nyuma yao, hawakuwa wamechoma nyumba ya mtu, na wangaliweza kuokoka kwa kukana. Kifo chao hakithibitishi mafundisho ya dini kama hesabu inavyothibitishwa. Watu wa dini nyingi, na wasio na dini, wamekufa kwa ushujaa uleule. Kinathibitisha kwamba pana jambo ambalo mtu aweza kulipenda kuliko uhai wake bila kumdhuru mwingine kwa ajili yake. Hiyo ndiyo kauli ambayo shahidi wa imani aweza kuitoa, na hakuna mwingine awezaye kuitoa kwa niaba yake. Kila anapochukua shoka, anaipunguza.

Wamisionari Waprotestanti walipofika pande zetu mwaka 1891, walihitaji neno la kumwita Mungu, wakalichukua jina la Kyala, ambaye wazee walimheshimu kwenye pango lake ufukoni mwa ziwa, karibu na Ikombe. Sijui kama walimtendea Kyala haki kwa kumgeuza hivyo. Lakini kuliomba neno kwa mwenyeji, badala ya kumkatia mti, ni kukiri kwamba naye alikuwa ameona kitu. Hapo ndipo mashahidi wawili wanapoweza kuketi barazani wakasikilizana.

Yule mzee amekwisha kufariki. Alizikwa kando ya baba yake na babu yake, penye kisiki. Nilikwenda mazikoni, na wengine watatu wa kikundi chetu cha zamani walikuwapo. Sala ilikuwa ndefu, na siku ilikuwa ya joto kama zilivyo siku za Kyela kabla ya mvua. Tulisimama juani, sisi na wajane na watoto, mpaka ilipokwisha.